Usipoziba Ufa: Gharama ya Kweli ya Kioo cha Mbele cha Gari

Haya ni maneno ya mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Aliyasema mbele ya viongozi wa vikundi katika semina ya siku moja juu ya kutunza mali ya kikundi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Mwenyewe ametuomba tusitaje jina lake wala la kikundi chake. "Makosa haya si ya kikundi kimoja," alisema, na watu wengi ukumbini wakaitikia kwa kichwa.



Nimeambiwa nizungumze juu ya kutunza mali ya kikundi. Wenzangu wamezungumza juu ya tangi la maji na juu ya mashine ya kusaga. Mimi nitazungumza juu ya kitu kimoja tu, kioo cha mbele cha gari. Naona wengine mnacheka. Mnasema, "Sisi hatuna gari, tuna mkokoteni wa punda." Ngojeni kidogo. Hata mwenye punda atapata lake.

Jiwe la mwezi wa Novemba

Kikundi chetu kina pikapu moja. Tuliinunua mwaka 2019 ikiwa imetumika, kwa pesa za wanachama pamoja na mkopo ambao sasa tumemaliza kulipa. Kazi yake ni kukusanya maziwa kila asubuhi na kuyapeleka kwenye kituo chenye mtambo wa kupoza. Mchana hubeba chakula cha ng'ombe, mbolea, na wakati mwingine viazi vya wanachama. Kwa hivyo gari hilo kwetu ni kama mguu. Likisimama, wote tumesimama.

Mwezi wa Novemba 2022 dereva wetu alikuwa anapanda kutoka Naivasha na magunia ya chakula cha ng'ombe. Mbele yake kulikuwa na lori la kokoto ambalo halikufunikwa turubai. Jiwe moja likaruka, likagonga kioo upande wa abiria. Ikabaki alama ndogo kama punje ya mahindi, yenye miguu miwili mitatu kama ya buibui.

Jioni ile ile dereva alikuja kwangu nyumbani. Akaniambia, "Mama, kioo kimepigwa na jiwe. Nimepitia kwa fundi wa vioo, anasema anaweza kuziba hapo kwa elfu moja mia tano. Lakini ni mapema, kabla maji na uchafu hazijaingia."

Nikamwuliza, "Gari inatembea?"

Akasema, "Inatembea, mama."

Nikamwambia, "Basi ngoja mkutano."

Nikaandika neno hilo katika daftari langu, nikaenda kukamua ng'ombe.

Mkutano ulikuja mapema Desemba. Jambo la kioo nililitaja mwisho, katika yale mengineyo, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao. Mzee mmoja akauliza, "Ati tutoe elfu moja mia tano kwa kitu hata hakionekani?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Tukafunga mkutano kwa maombi, tukaenda nyumbani.

Methali tulifundishwa sote shuleni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilifikiri ni maneno ya nyumba za udongo. Kumbe ni ya kioo pia.

Asubuhi ya baridi

Kinangop mnaijua. Usiku wa Januari usio na mawingu, baridi hushuka mpaka umande unaganda na viazi vinaungua shambani. Asubuhi moja ya Januari 2023, saa kumi na moja, kioo cha gari kilikuwa kimefunikwa na barafu nyembamba. Kijana anayesaidia kupakia mitungi ya maziwa akaleta birika la maji moto, akamwaga juu ya kioo ili barafu itoke upesi. Alifikiri anasaidia. Kioo kikalia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Ile alama ikakimbia kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ikapita mbele ya macho ya dereva.

Dereva angefanya nini? Wanachama walikuwa barabarani na mitungi yao. Akaondoka hivyo hivyo. Alikuwa ameshakusanya lita 240 aliposimamishwa na askari wa trafiki. Askari akasema gari lenye kioo cha namna hiyo lisitoke pale, maana ni hatari kwa waliomo na kwa wengine barabarani. Alisema kweli, hatukuwa na neno la kujibu.

Maziwa hayangoji. Mpaka tulipopata gari jingine la kuyabeba ilikuwa saa sita, na jua lilikuwa limewaka. Kule kituoni mpimaji alichanganya maziwa kidogo na spiriti, yakakatika vipande. Akapima mtungi wa pili, yakakatika. Yote yakakataliwa. Akina mama waliokuwa wameamka saa kumi gizani kukamua walirudi nyumbani na maziwa ya kuwapa nguruwe.

Hapo ndipo tulianza kutafuta kioo.

Tulidhani kioo ni kioo

Siku ya pili tulitafuta Naivasha, hatukupata kinachofaa. Siku ya tatu mimi na mwanakamati mmoja tukapanda matatu kwenda Nairobi, kule Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea. Mwuzaji akatuuliza, "Gari ni ya mwaka gani? Nambari ya chesisi ni gani?" Tukatazamana. Logbook ilikuwa kabatini kwangu, na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mfukoni, hapo hapo Nairobi. Tukakisia.

Tulipofika nyumbani fundi akapima. Kioo kilizidi kwa vidole viwili. Siku ya nne tukarudi nacho Nairobi. Tulikuwa na bahati, maana tulitunza risiti na kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwuzaji akatubadilishia. Siku ya tano fundi akaweka kioo. Tulitaka gari liondoke jioni ile ile, lakini fundi alikataa kabisa. Alisema gundi yake yahitaji muda ishike, gari lilale. Kwa hivyo liliendelea kulala mpaka siku ya sita ikapita. Siku zote hizo tano, kutoka ya pili hadi ya sita, tulikodi pikapu ya mtu mwingine kubeba maziwa.

Sasa tazameni hesabu. Mimi ni mweka hazina, bila hesabu siwezi kulala. Bei hizi ni zetu, za mwezi ule na za gari lile. Zenu zitakuwa tofauti. Lakini mtindo wa hesabu utakuwa ule ule.

Kioo chenyewe: sh. 12,000
Gundi: sh. 2,000
Kazi ya fundi: sh. 2,500
Nauli, watu wawili, safari mbili za Nairobi: sh. 3,200
Kubebesha kioo kwenye matatu mara tatu: sh. 1,200
Jumla ya kioo mpaka kikae kwenye gari: sh. 20,900

Kukodi pikapu siku 5, sh. 3,500 kwa siku: sh. 17,500
Maziwa yaliyokataliwa, lita 240 kwa sh. 45: sh. 10,800
Jumla ya yote: sh. 49,200

Tuwe wakweli, kuna pesa ambazo hatukutumia. Gari letu halikunywa mafuta siku 5, sh. 1,300 kwa siku. Toa sh. 6,500. Inabaki sh. 42,700.

Mtu akikuuliza kioo kinauzwa pesa ngapi, utamjibu elfu kumi na mbili. Hiyo ni bei ya dukani. Lakini kikundi kilitoa elfu arobaini na mbili na mia saba. Bei ya dukani haikufika hata thuluthi moja ya hasara. Na yote ingezuiwa kwa elfu moja mia tano. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya mara 28.

Kioo hiki ni kitu gani?

Wakati fundi anafanya kazi nilikaa kwenye debe nikimwuliza maswali. Aliniambia mambo ambayo ningeyajua Novemba, nisingecheka.

Kioo cha mbele si kama cha mlangoni. Cha mlangoni kimepikwa kwa moto na kupozwa ghafula, kikivunjika kinamwagika kama punje ndogo ndogo. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na katikati kuna karatasi ya plastiki. Jiwe likigonga, kioo cha nje kinapasuka lakini plastiki inashikilia, vipande visiruke machoni mwa watu. Mtu aliyevumbua jambo hili ni Mfaransa, mtaalamu wa kemikali aitwaye Édouard Bénédictus. Mwaka 1903 chupa yake ilianguka chini ikapasuka, lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu ndani yake kulikuwa kumekauka ngozi ya dawa fulani. Baadaye, mwaka 1909, akaomba hati ya uvumbuzi wake. Chupa ilianguka mara moja, na mpaka leo watu wanapona.

Kwa sababu ni vioo viwili, alama ndogo inaweza kuzibwa. Fundi ananyonya hewa na unyevu kutoka kwenye alama, anasukuma ndani gundi nyepesi kama maji, halafu anaikausha kwa taa maalum. Alama haipotei kabisa, ila ufa hauendelei. Lakini haiwezekani kila mara. Haifai ikiwa ufa umekuwa mrefu, ikiwa umefika ukingoni mwa kioo, ikiwa uko mbele ya macho ya dereva, au ikiwa vioo vyote viwili vimepasuka. Hapo ni kubadilisha tu.

Na kwa nini ufa ukimbie? Ni joto na baridi. Kioo kikipata moto kinapanuka, kikipata baridi kinajikunja. Pale penye alama ndipo penye udhaifu, basi ndipo panapopasuka. Maji moto juu ya barafu ni kama kukipiga rungu. Kubamiza mlango madirisha yote yakiwa yamefungwa kunakisukuma. Mashimo ya barabara yanakitikisa. Ndiyo maana alama ya Novemba haikai ikakungoja mpaka mkutano wa Machi.

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba katika magari mengi ya siku hizi kioo cha mbele kimeshikwa kwa gundi, nacho husaidia kushikilia paa gari likipinduka. Gari likiwa na ule mfuko wa hewa unaofutuka mbele ya abiria wakati wa ajali, mara nyingi mfuko huo huegemea kioo. Gundi isiposhika sawasawa, kioo kinang'oka wakati ule ule unapokihitaji. Ndiyo sababu fundi alikataa kutuachilia gari jioni ile. Mimi nilikasirika naye. Sasa namshukuru. Gundi nyingine hushika kwa saa moja au chache, nyingine huhitaji siku nzima. Mwulize fundi ni gundi gani, na umtii.

Nani alipe?

Sasa nafika mahali pagumu. Ningeweza kumaliza hapa, mkapiga makofi. Lakini nitasema yote.

Baada ya gari kurudi barabarani, kamati ilikaa. Swali lilikuwa moja, pesa hizi atalipa nani? Watu walikuwa na hasira ya maziwa. Mmoja akasema, "Gari ilikuwa mkononi mwa dereva. Yeye alipe." Mwingine akasema, "Na yule kijana wa birika?" Tukasema kijana hana kitu. Tukakubaliana dereva akatwe zile 20,900 za kioo, shilingi 3,000 kila mwezi, miezi saba mpaka ziishe. Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga. Tena mimi ndiye niliyeandika.

Mwisho wa mwezi alikuja kuchukua mshahara wake. Nikamhesabia, pungufu elfu tatu. Hakupiga kelele. Alitia sahihi, akaweka kalamu mezani, akasema, "Mama, mimi nilikuambia mwezi wa kumi na moja. Angalia kitabu chako."

Akaondoka.

Nilikaa na lile daftari mbele yangu muda mrefu kabla ya kulifungua. Nilipolifungua niliyakuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Dereva asema kioo kina alama. Kuziba 1,500. Tungojee mkutano." Na tarehe iko.

Usiku huo sikulala. Nilijua kabisa ni nani aliyevunja kioo kile. Lori lilikivunja kidogo, baridi ikakivunja kidogo. Lakini aliyengoja ni mimi, na waliocheka ni sisi. Aliyelipa ni yule peke yake aliyetuonya.

Wiki iliyofuata nilienda kumwona afisa wa kazi. Nikamwambia, "Bwana afisa, sisi si kampuni, sisi ni kikundi tu cha kujisaidia." Akaniuliza, "Mnamlipa mshahara?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ninyi ni waajiri, na sheria ni yenu pia."

Akanifungulia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Akanieleza kwamba mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa ni kwa kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. Sikilizeni neno hilo, makusudi. Jiwe la lori si makusudi ya dereva. Hata birika la yule kijana si makusudi, ni kutojua, na sisi ndio hatukumfundisha. Tena hata makato yaliyo halali, yote yakijumlishwa, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Nilirudi kwenye kamati na daftari langu. Nikawasomea yale maandishi yangu ya Novemba. Haikuwa rahisi, maanake kumbukeni mimi ndiye niliyekuwa najishtaki. Mzee mmoja akasema tuache mambo yaliyopita. Mama mmoja akamjibu, "Yamepita kwako, mzee. Kwake yamebaki miezi sita." Tukakubaliana dereva arudishiwe elfu tatu zake na makato yakome. Mimi na mwenyekiti tulimpelekea nyumbani kwake, tukamwomba msamaha mbele ya mke wake.

Alipokea pesa, akatushukuru, akatupa chai. Alifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, halafu akaaga. Alikuwa amepata kazi kwa mtu mwingine. Tukikutana barabarani hunipigia honi, nami humpungia mkono. Hana kinyongo, lakini hakurudi. Ni dereva aliyekuwa akiona alama ndogo kama punje ya mahindi na kuja kusema jioni ile ile. Hasara hiyo sijui niiandike katika safu gani ya kitabu.

Je, bima?

Najua kuna atakayeuliza, "Kwani hamkuwa na bima?" Tulikuwa nayo. Ilikuwa ile ya lazima kwa sheria, ya mtu wa tatu. Bima hiyo humlipa yule uliyemwumiza. Kioo chako mwenyewe haikijui kabisa. Sisi tulikuwa tunaona kile kibandiko kwenye kioo tukadhani kioo kimekingwa.

Anayeweza kulipiwa kioo ni mwenye bima kamili, na hapo pia lazima asome karatasi. Tafuta neno kioo cha mbele. Tazama wanalipa mpaka kiasi gani, tazama kama wewe utachangia kitu kwanza, na tazama kama ni lazima uende kwa fundi waliyemchagua wao. Ukibadilisha kioo kwanza kisha uwaambie, wanaweza kukataa. Piga simu kwanza. Gari likiwa la zamani sana, pengine hawatakubali kulipa bima kamili, au ada itakuwa kubwa kuliko faida. Kwa pikapu yetu tuliona afadhali tujiwekee wenyewe.

Tuliyoyabadilisha

Sasa nitawaambia yale tuliyopatana, muone kama yatawafaa.

Kwanza, matengenezo madogo hayangoji mkutano. Mwenyekiti na mweka hazina wakikubaliana wanaweza kutoa mpaka sh. 3,000 siku hiyo hiyo, kwa risiti, halafu waeleze mkutanoni. Wengine waliogopa wizi. Tukasema risiti iletwe, na kitu kilichotengenezwa kionwe kwa macho.

Pili, tuna mfuko wa gari. Kila siku ya kazi tunaweka sh. 50 kutoka kwa mapato ya gari. Kwa siku 26 ni sh. 1,300 kwa mwezi, na kwa mwaka sh. 15,600. Haulipi kila kitu, lakini siku ya kioo hatutaanza kuzunguka tukikopa.

Tatu, gari lina daftari lake. Dereva anaandika anachokiona: tairi, breki, kioo, kelele. Kila Ijumaa mtu wa kamati anasoma na kutia sahihi, na anaandika ni hatua gani imechukuliwa. Neno "tungojee" tumelikataza katika daftari hilo, mpaka liandikwe na tarehe ya kungojea.

Nne, nakala ya logbook, yenye mwaka wa gari na nambari ya chesisi, iko kwa watu watatu. Mtu yeyote akienda kununua spea anakwenda nayo.

Tano, dereva na msaidizi wamefundishwa kutunza kioo. Wanakaa mbali na lori la kokoto, na likiwa linamwaga mawe wanaliacha liende. Kukiwa na barafu asubuhi, hawamwagi maji moto. Wanawasha injini na kuacha hewa ya ndani ipashe kioo polepole, au wanafunika kioo kwa gunia usiku. Jiwe likigonga, wanabandika utepe mwembamba unaoonyesha juu ya alama ili maji na vumbi visiingie, na wanakwenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Na zile fagio za kufuta mvua zikichakaa tunanunua mpya, maana chuma chake kinakwaruza kioo.

Sita, tukinunua kioo tunauliza bei katika maduka matatu. Tunatazama maandishi ya pembeni kuhakikisha ni kile cha vioo viwili. Kioo kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa ni rahisi, lakini tunakitazama ukingo wote kwa kidole na kwa mwanga, maana kuna nyufa ndogo zinazojificha hapo.

Saba, na hili ndilo la mwisho. Hakuna mfanyakazi wa kikundi atakayekatwa mshahara kabla ya kuitwa, kusikilizwa, na daftari kusomwa mbele yake.

Ndugu zangu, nilisema hata mwenye punda atapata lake. Mkokoteni nao una gurudumu, na gurudumu lina njumu moja iliyolegea. Tangi lina tone moja. Mashine ya kusaga ina kelele mpya iliyoanza jana. Na karibu na kila kitu hicho kuna mtu mmoja, mara nyingi si mkubwa, ambaye amekwisha kuona na amekwisha kusema. Rudini nyumbani mkamwulize ni nini alichowaambia, na lini. Kisha fungueni daftari.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chako

1. Je, ni kitu gani cha kikundi chenu kina "alama ndogo" sasa hivi? Ni nani aliyewaambia, na mlimjibuje?

2. Katika kikundi chenu, ni nani anaweza kutoa pesa za matengenezo madogo bila kungoja mkutano? Kiasi gani? Mnahakikishaje pesa hizo zimetumika vizuri?

3. Chukueni kitu kimoja kilichowahi kuharibika. Andikeni bei ya dukani upande mmoja, na upande mwingine nauli, siku zilizopotea, kukodi na mali iliyoharibika. Jumla ni ngapi?

4. Je, kuna mtu mliyemlipisha hasara ambayo haikuwa kosa lake la makusudi? Mnaweza kufanya nini sasa?